Moto Niliougeukia

Kama juzi daktari amekuambia umepona, kaa chini kwanza, unywe maji, ufurahi. Sikukatazi. Mimi nilifurahi miaka mingi, na furaha ile hakuna wa kuninyang'anya. Ukimaliza kufurahi, nisikilize. Naandika haya nikiwa barazani kwangu Kitangari, mkono wa kushoto umevimba kama muhogo uliolowekwa, lakini naandika kwa wa kulia, kwa hiyo usinionee huruma mapema. Yaliyo magumu yamepita, ndivyo wanavyoniambia. Nilishawahi kuambiwa hivyo.

Mara ya kwanza nilikuwa msichana, ndoa yangu ingali changa, matezi yakaota shingoni. Hayakuwa na maumivu. Bibi aliyakanda kwa mafuta ya nyonyo. Mama akasema ni kubeba ndoo nzito, maana huku kwetu juu maji ni ya kuyafuata bondeni, na kila ugonjwa wa mwanamke lawama hupewa ndoo. Jioni mwili ulichemka, asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho. Nilikonda mpaka pete ikawa inanivuka kidoleni nikiosha vyombo. Tulihangaika hapa na pale, mwisho nikafika Dar es Salaam, nikafikia kwa shangazi yangu Mbagala, na huko hospitali wakautaja ugonjwa: saratani ya matezi.

Mambo ya kitabibu sitayaeleza. Siyajui, na kuyajua kusingenisaidia. Nitakueleza benchi. Lilikuwa refu, la chuma, kwenye ukumbi usio na dirisha, na tulikaa kwa kufuatana: akiingia mmoja, wote tunasogea. Jirani yangu alikuwa mama wa Kilwa. Akienda chooni aliacha khanga yake pale alipokaa, na sisi tuliiheshimu kana kwamba ni yeye. Siku moja tulifika khanga haipo na mwenyewe hayupo. Hakuna aliyeuliza. Tukasogea.

Nilitundikiwa dripu kwanza, kisha ikaja mionzi. Kabla ya mionzi walinichoma nukta za wino kifuani, ndogo kama kichwa cha sindano, ili mashine ijue pa kulenga. Ngozi ya shingo na kifua iliungua taratibu, ikawa nyeusi, ikabambuka. Kumeza mate kulikuwa adhabu. Chakula chote kilikuwa na ladha ya sufuria. Nywele zilikuwa zimekwisha zamani, na nyusi nazo, nikitazama kioo namwona mtu ambaye hajamaliziwa kuchorwa. Shangazi alinipikia uji mwembamba akaupoza kwa kuumimina kikombe hiki kwenda kile, huku akiimba taratibu, kila siku, bila kuchoka. Nimesahau mengi ya mwaka ule, lakini uji ule sijausahau.

Niliporudi nyumbani, Bibi aliniomba nifunue kifua. Yeye ni wa zamani, uso wake na tumbo lake vina nembo, zile chale za Kimakonde zilizochanjwa kwa mpango, mistari na pembe zake. Akazitazama zile nukta zangu, akaangua kicheko.

"Mafundi wenu wa Dar wavivu," akasema. "Wamechora nukta, wakaenda kula. Nembo gani hii?"

Nilicheka mpaka koo likauma. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu matezi yaote.

Siku daktari aliposema haoni kitu tena, nesi alinisindikiza hadi mlangoni. "Uwe unarudi kila mwaka," aliniambia. "Na ukisogea umri kidogo, matiti yakaguliwe mapema kuliko ya wenzako. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Alisema kama anayenikumbusha kufunga mlango, nami niliitikia hivyo hivyo.

Sasa ndipo anapoingia Mjomba Bakari. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wangu huyu ni mtu mwenye maneno mengi. Maisha yake yote amekuwa mlezi wa jando. Vijana wakimaliza jando, kile kibanda walicholala kinachomwa moto pamoja na kila kilichokuwa ndani, nao hupelekwa nyumbani bila kugeuka. Anayegeuka hubeba tena kile alichotakiwa kukiacha. Hayo ni ya vijana wa jando. Kwa wagonjwa hakuna desturi hiyo, wala haikuwahi kuwapo. Mjomba aliitunga kwa ajili yangu, kwa sababu alinipenda na kwa sababu hakujua afanye nini kingine na furaha yake.

"Mtoto huyu amekaa kambini kwa mauti," aliwaambia wazee wenzake. "Naye achomewe kibanda chake."

Wakajenga kibanda cha nyasi mwisho wa shamba letu la mikorosho. Wakatia mkeka wangu, khanga nilizoumwa nazo, vilemba nilivyofunikia upara, ile ndoo ya kutapikia, na karatasi zote za hospitali. Mjomba akawasha. Ndoo ya plastiki ilinuka vibaya sana, nakumbuka watu walikohoa. Mimi nikaondoka mbele, joto likinisukuma mgongoni, akina mama wakipiga vigelegele, na Mjomba nyuma akiita, "Usigeuke, Rukia! Yaliyopita si ndwele! Usigeuke!"

Sikugeuka. Sikugeuka siku ile, na miaka iliyofuata sikugeuka vilevile. Mume wangu aliuliza mara moja tu kuhusu kurudi Dar, mama akamkatiza: "Unataka mke wako ageuke?" Usituone wajinga. Watoto tunawapeleka kuchanjwa, wajawazito tunawapeleka kliniki. Ila kupona, kwetu, ni jambo lenye mlango, na tulikuwa tumeufunga kwa moto mbele ya watu. Kwenda kukaguliwa kila mwaka ilikuwa kugonga mlango ule na kuuliza kama mwenyewe yumo.

Nikamzaa Salma, nikawa Mama Salma. Nikalima, nikaokota korosho, nikanenepa. Nikawa mtu wa kuonyeshwa. Wenye wagonjwa walikuja kunitazama tu, wakanywa maji, wakaondoka na nguvu. Na moto wa Mjomba ukapata sifa. Mzee mmoja wa Tandahimba aliyemaliza dozi ya kifua kikuu aliomba achomewe, naye akachomewa. Mwingine akafuata. Hata waliokuwa wakicheka mwanzoni walianza kusema ni mila ya mababu. Mjomba hakuwasahihisha.

Ndipo nikaletewa Somoe. Msichana wa Makote, mrefu, mcheshi, na matezi shingoni pale pale yalipokuwa yangu. Alikuwa amekataa kwenda Dar. Alikuwa amesikia kwamba mionzi inaua. Nilivua khanga ya begani nikamwonyesha nukta zangu.

"Hizi ndizo alama zake," nikamwambia. "Nimekufa mimi?"

Akaigusa moja kwa ncha ya kidole. "Hujafa, Mama Salma," akasema, akacheka.

Nilimpandisha basi mwenyewe. Alipokuwa Dar nilimpigia simu siku za dripu na siku za mionzi, nikamwambia uji aupoze kwa vikombe viwili. Aliniita mama kuliko alivyomwita mama yake, na hilo mama yake alilijua. Alipomaliza na kuambiwa haonekani kuwa na kitu, alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa Masasi. Ndoa ilipangwa iwe baada ya korosho, lakini kwanza moto. Naye akataka mimi nitangulie mbele yake siku hiyo, yeye anifuate nyayo.

Mwaka huo huo, msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, nilikuwa shambani na wenzangu. Wenye mikorosho wanajua: salfa ikikuingia kwapani inawasha kama upupu, na kwetu maji ya kuoga si ya kumwaga ovyo. Nilichukua kopo, nikajimwagia kidogo, nikajikuna, na vidole vikakuta kitu. Upande wa titi la kushoto, kigumu, kama korosho mbichi ndani ya ganda. Nilikishika tena. Kisha nikajimwagia maji yote yaliyobaki kwenye ndoo, mimi ambaye ningempigia Salma kelele kwa nusu kopo.

Nilikijua. Usiniulize nilikijuaje.

Niliwaambia watu naenda Masasi kununua sare za Salma. Mume wangu tu ndiye aliyejua. Hospitali ya Masasi niliyokwenda ilikuwa na benchi la mbao, siyo la chuma, na ukuta wa bluu uliochubuka kwenye usawa wa vichwa, pale ambapo watu wengi wameegemea wakisubiri. Walinitoa kinyama kwa sindano, kikapelekwa kupimwa, nikaambiwa nirudi. Nikasubiri mikorosho ikitoa maua. Huwa napenda harufu ya maua yake, tamu, ya asubuhi. Mwaka ule ilinichefua.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, na aliniamkia kabla sijakaa. Nikajua mambo ni mabaya.

"Mama, majibu yanaonyesha ni saratani ya titi."

"Imerudi," nikasema.

"Hapana. Ile ya zamani haijarudi. Hii ni nyingine, mpya kabisa." Akaomba nifungue kifua, akaziona nukta. Akaanza kuuliza nilipigwa mionzi nikiwa na umri gani, mara ngapi, kwa kiasi gani, na kama nilikuwa nakaguliwa kila mwaka. La umri nililijua. La kiasi sikulijua, na karatasi zilikuwa majivu yaliyokwisha kuliwa na mikorosho.

"Ile mionzi ilikuponya kweli," akasema. "Bila yake tusingekuwa tunazungumza hapa. Lakini kwa msichana aliyepigwa kifuani, mara nyingine miaka ikipita huleta jambo hili. Si kwa kila mtu."

"Kwa hiyo iliyoniponya ndiyo iliyonipa?"

"Huenda. Kwa hakika hakuna anayeweza kukuambia."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi changu kilikuwa chini zaidi ya nguo, na nilikuwa nimekishukuru miaka yote hiyo. Nilikuwa nimewaonyesha watu. Nilikaa kwenye kile kiti na sikuwaza kifo changu, nakwambia kweli. Niliwaza kidole cha Somoe kikigusa nukta yangu.

"Kuna msichana," nikamwambia daktari. "Amemaliza mionzi hiyo hiyo."

"Basi aje kila mwaka bila kukosa," akasema. "Tukiona kivimbe kikiwa kidogo, tunakiwahi. Chako kimekua."

Nilirudi kwa Mjomba. Amezeeka, lakini maneno hayajapungua. Nikamweleza yote, nikamwomba jambo moja tu: achome vitu, vigelegele vipigwe, afanye anavyotaka, ila lile neno la usigeuke aliache. Amwambie mtoto wa watu kwamba hospitali ataendelea kurudi.

Alinisikiliza akichokonoa ardhi kwa fimbo. Machozi yalimtoka, nayo yalinishtua, sikuwahi kuyaona. Lakini alichosema ni hiki: "Mama Salma, moto usiopewa mgongo si moto. Ni takataka zinaungua. Binti anaolewa. Mume atachukuaje mke ambaye kila mwaka anakwenda kuulizia ugonjwa? Na wewe usimwambie. Mwache aolewe kwanza."

Nilijaribu kumwambia Somoe mwenyewe, asubuhi ya siku ile, Makote, tulipokuwa tunamvisha. Nywele zake zilikuwa zimeota tena, laini kama za mtoto mchanga, na mama yake alikuwa anazipaka mafuta. Nikasema, "Mwanangu, kuhusu hospitali."

"Leo usinitajie hospitali, Mama Salma," akasema, akaniziba mdomo kwa kiganja kama anavyofanya mtu kwa shoga yake. "Leo ndiyo namaliza."

Kiganja chake kilinukia mafuta ya nazi. Nikaendelea kumvisha.

Walitia kwenye kibanda vitu vile vile. Mkeka. Khanga. Vilemba. Ndoo, safari hii mtu mwenye akili alikuwa ameipiga marufuku. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, mabibo yameoza chini, nzi wengi. Mjomba akawasha. Nikatangulia. Somoe akanifuata, mama yake akamshika kiwiko, akina mama wa Makote nyuma yao na vigelegele.

Nikalisikia lile joto mgongoni. Lile lile, halikuwa limezeeka. Na Mjomba akaanza, kwa sauti iliyopasuka, "Usigeuke, Somoe! Yaliyopita si ndwele!"

Yangu yaliyopita yalikuwa kifuani, yanakua. Nilijua kwamba nikifika nyumbani kwao bila kugeuka, mtoto huyu hatakaa tena kwenye benchi lolote hadi siku atakayojikuna. Nikageuka.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Vigelegele viliendelea kidogo, kisha vikafa kimoja kimoja. Somoe alisimama mbele yangu, moto ukiwa nyuma yake.

"Mama Salma, umegeuka," akasema taratibu, kama unavyomwambia mwenzako nguo yake imechanika.

"Nimegeuka, mwanangu. Nina saratani ya titi. Si ile, ni nyingine, na huenda imeletwa na mionzi iliyoniponya. Nawe umepigwa hiyo hiyo. Choma mikeka, choma kila kitu, lakini hospitali urudi kila mwaka. Geuka."

"Astaghafirullahi!" Mama Somoe alivua khanga yake akamfunika mwanawe kichwa na uso. "Tumekualika kwenye furaha, wewe umetuletea msiba! Twende, mwanangu. Tazama mbele, usimsikilize."

Akampitisha pembeni yangu hivyo hivyo, kafunikwa. Somoe hakugeuka. Alipita karibu sana, khanga ikanigusa mkono. Akina mama wakafuata, wengine walinizunguka mbali kama unavyomzunguka nyoka aliyekufa. Tukabaki mimi na Mjomba na moto.

"Rukia," akaniita, kwa jina langu la utoto. "Umejiua."

Walinikata titi kabla mvua hazijaanza. Sina mengi ya kusema juu ya siku ile. Nilipozinduka nilipapasa bandeji, kulikuwa bapa. Baadaye, waliponifungua, nikaona moja ya nukta zangu za wino imekwenda na titi. Nililia kwa ajili ya nukta. Titi sikulililia mpaka baadaye sana, siku moja nikifua sidiria.

Mionzi hawakunipa. Pale palishapigwa, wakasema, ngozi na moyo havitahimili tena. Kuna dawa moja nyekundu ya dripu, waliitaja, kisha wakaniuliza kama nilipewa ile mara ya kwanza, nikasema ndiyo, rangi yake siisahau. Wakaifuta. Kila walichotaka kunipa, nilikuwa nimeshakila ujanani. Walinitafutia dawa nyingine, nikaenda nayo msimu wote wa korosho na masika yote, safari kwa safari, basi likikwama kwenye tope, mimi na mfuko wangu wa kutapikia. Dripu moja, wiki za kujikusanya, dripu nyingine. Nyayo zikafa ganzi. Kucha zikawa nyeusi. Mkono wa kushoto ukavimba, ndoo siwezi tena kuinua.

Nilimuuliza daktari: "Na hii ya sasa, nayo inaweza kuleta nyingine?"

Alizipanga kalamu zake mezani. "Inaweza," akasema. "Ni mara chache."

Nilimheshimu kwa jibu lile. Nilimchukia pia, siku nzima.

Nyumbani mama yangu ndiye aliyeniosha kidonda. Mikono yake ilikuwa myepesi, mdomo wake mzito. Siku moja, akikamua kitambaa, akasema bila kunitazama, "Ungenyamaza tu siku ile. Ungemaliza njia."

"Mama, uvimbe ulikuwapo kabla ya ule moto. Nilikuwa nimeshapimwa Masasi."

"Ndiyo," akasema. "Lakini ungenyamaza."

Baba Salma alihamia chumba cha pili. Alisema ni ili nilale vizuri, asinigonge mkono. Huenda ilikuwa kweli. Lakini kila siku alishuka bondeni kwa baiskeli na madumu, akajaza pipa, na wanaume wenzake wakamcheka kwamba ameolewa. Hakuwahi kuniambia neno moja la kunifariji, na pipa halikukauka hata siku moja. Nimeamua kutoyapima haya mawili. Salma, ambaye sasa ni msichana mkubwa, alisimama mlangoni siku moja akauliza kama na yeye ataugua. Nikamwambia hakupigwa mionzi yeye, asiogope. Akatikisa kichwa. Siku hizi anaoga amefunga mlango kwa kitasa na anakawia, na ninajua vidole vyake vinatafuta nini humo ndani.

Lakini lililonivunja ni jingine. Masika yalipokwisha, nilipoanza kutembea hadi gengeni kukaa na watu, nilisikia habari yangu inavyosimuliwa. Inasimuliwa hivi: Mama Salma alikuwa mzima kabisa. Akageuka motoni Makote. Hata mwezi haukuisha, akakatwa titi.

Unaona? Nilitaka watu wajue kurudi. Sasa mimi ndiye ushahidi kwamba usirudi. Mwanamke mmoja wa Newala mjini aliyetakiwa kwenda kuangaliwa kizazi baada ya dripu zake amekataa, akasema hataki kuwa kama mimi. Mjomba anaalikwa kuliko zamani. Nimejaribu kueleza kipi kilitangulia. Wananisikiliza kwa adabu, wananiambia pole, wakienda wanasimulia vile vile. Zipo siku nimetamani kweli kwamba ningenyamaza. Nisingeokoa mtu, lakini nisingemwogopesha mtu pia. Sikupi jambo la kukufariji hapa. Sinalo.

Somoe aliolewa Masasi. Sikualikwa. Simu yangu hakuipokea, nikaacha kupiga.

Mwaka ukazunguka, wakaanza tena kupuliza salfa, wenzangu wakaenda mashambani, mimi nikaenda Masasi kukaguliwa. Ukuta ule ule wa bluu. Nimejifunza kwenda na mto mdogo wa kuegemezea mkono, chupa ya uji, na khanga ya pili, maana watu hulia na hawana cha kujifutia. Haya ndiyo ninayoweza kukufundisha: beba khanga ya pili.

Tulikuwa tumeshasogea mara kadhaa mtu alipokuja kukaa kando yangu. Amejitanda khanga hadi machoni. Sikumtazama, pale hatutazamani. Kisha nikanusa mafuta ya nazi.

Hakuniamkia. Msichana yule aliyekuwa akinipa shikamoo kwa kupiga magoti, safari hii alikaa tu, akatazama ukuta.

"Nyumbani wanajua nimekuja sokoni," akasema.

"Sawa," nikasema.

Tukasogea. Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia asante, jambo ambalo lingekuwa la ajabu. Nilimimina uji kwenye kikombe, nikaumimina kwenye kingine, nikaurudisha, mpaka ukapoa, nikampa. Akaupokea. Uji ulimwagikia khanga yake, nikampa ile ya pili.

"Na mimi, lini?" akauliza.

Hakuuliza kama. Aliuliza lini. Nilitafuta neno la daktari, kwamba si kwa kila mtu, na ni la kweli, lakini halikutoka. Nilikumbuka nilivyomvulia khanga kumwonyesha nukta, nilivyomuuliza nimekufa mimi.

"Sijui, mwanangu."

Nesi akaita jina lake. Akasimama, akaniachia kikombe, akaenda na khanga yangu mkononi. Pale mlangoni akageuka. Hakunitazama usoni. Alinitazama kifuani, upande wa kushoto, pale nguo inapolala bapa, akapatazama mpaka nesi akaita mara ya pili. Kisha akaingia, nasi tukasogea.